Kapteni Aliyeachwa Nje ya Mlango

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, saa tisa na dakika kumi alasiri. Naujua muda kwa sababu simu tuliyorekodia huandika yenyewe saa ya kila rekodi, na rekodi ile bado ninayo. Naanza na saa kwa makusudi. Wanaotunga huanza na usiku wa giza na bundi analia. Hapa hakukuwa na usiku wala bundi. Lilikuwa jua la mtaani kwetu Nyakato, fundi wa kuchomelea mageti ameenda kula, na mimi sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize. Rehema wa darasani kwetu alishacheka, na Rehema ni mtu aliyewahi kulia darasani kwa sababu ya kucha kuvunjika.

Nilipokuwa darasa la tano kulikuwa na tamthilia ya anga kwenye televisheni. Watu wetu kabisa, wanaongea Kiswahili, wamo ndani ya chombo wanatafuta sayari yenye maji. Kapteni wao alikuwa mwanamke, Kapteni Sabina. Unaona wazi kwamba mitambo ni makarai yaliyopakwa rangi ya fedha, na ovaroli ya Kapteni ilikuwa na mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Sikujali. Niliipenda kuliko kitu chochote. Halafu ikakatwa, hivi hivi, bila hata kutuaga. Sehemu ya tisa iliishia Kapteni yuko nje ya chombo, amemaliza kutengeneza alichokwenda kutengeneza, amerudi mlangoni, anapiga hodi, na wenzake ndani wamekaa wanatazamana. Wiki iliyofuata, saa ile ile, wakaweka kipindi cha wanawake wanaogombania mume. Niambie wewe, Mtanzania gani anasikia hodi halafu ananyamaza? Hata mwizi anaitikiwa kwanza. Waandishi wa hovyo kabisa.

Sasa mjue Deo. Deo ni binamu yangu, amemaliza kidato cha sita, na tangu aanze kusubiri kwenda chuo amekuwa dairekta. Hakusomea. Alinunua kofia tu. Ndiye aliyesema tuifufue ile tamthilia kwa sauti, kama michezo ya redioni, tuwe tunairusha kwenye magrupu ya simu sehemu kwa sehemu. Wazo zuri, sikatai. Lakini Deo hawezi kuandika hata barua ya kuomba ruhusa. Niliandika mimi, usiku, kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la shajara, nikianzia pale pale walipotuachia, mlangoni. Deo akichukua kurasa, anazisoma mbele ya watu, anakuna kidevu na kusema, "Hapa niliwaza sana." Mimi nipo kidato cha tatu na nina aibu ya kipumbavu. Nilikuwa natazama viatu vyangu.

Tulikuwa tunarekodia stoo ya mama mdogo, anayeuza magodoro. Ukiongea katikati ya magodoro sauti haina mwangwi, inatoka safi kama studio. Injini ya chombo ilikuwa cherehani yake ya kushonea foronya. Na kila mara kabla ya kuanza tulikuwa na utaratibu mmoja: tunarekodi nusu dakika ya kimya. Kila chumba kina kimya chake, na ukikata makosa unahitaji kiraka cha kimya hicho hicho, la sivyo msikilizaji anasikia pengo. Hilo nalo nilisoma mimi. Deo alidhani nachezea chaji.

Siku hiyo Rehema ndiye aliyekuwa aje kusoma Kapteni. Hakuja. Alikuwa Busisi anapigwa picha darajani, maana ana wafuasi wengi mtandaoni na wafuasi inabidi walishwe.

"Soma wewe," Deo akaniambia.

"Mimi siwezi, Kaka Deo."

"Huwezi nini? Umejaliwa mdomo kwa ajili ya ugali tu?"

Nikajaribu mstari mmoja. Akanyoosha mkono nikome.

"Sauti kama mbu kafungiwa kwenye chupa! Kapteni gani huyo? Hata boda hawezi kuisimamisha." Akavaa kofia yake. "Naenda kunywa soda. Nikirudi nikute umerekodi yote, hata kama unalia."

Akafunga mlango. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza kurekodi, nikakaa kimya nusu dakika kama kawaida.

Ndipo nikasikia: "Hodi."

Nilidhani ni mteja dukani. Nikavua hedifoni. Nje kimya, hata cherehani haikuwa inaita. Nikavaa tena.

"Hodi."

Niamini, sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani ya kile kimya. Nilipaswa kukimbia, najua, usinifundishe. Lakini kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, anaondoka zake, na aliye ndani anabaki na deni moyoni. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Na mimi ambaye kwa miaka mingi nimewatukana wale wa ndani ya chombo kwa kunyamaza, ningenyamazaje?

"Hodi jamani," ya tatu, imechoka.

"Karibu," nikasema.

Akatokea katikati ya magodoro ya inchi nane na ukuta, mahali ambapo mkono wangu hauingii. Sitasema alikuwa na kwato au macho ya moto, maana hakuwa navyo. Alikuwa na ovaroli yenye mkono mmoja mfupi. Uso ni ule wa kwenye televisheni, ila hauna umri, na baridi ilimtangulia kama umefungua friji la samaki. Akakaa kwenye godoro. Godoro halikubonyea.

"Shikamoo," nikasema.

Hakusema marahaba. Midomo yake ilitembea kwanza, sauti ikaja baadaye, nyembamba, tena ndani ya hedifoni tu.

"Walifunga kwa ndani," akasema. "Niliwasikia wanakula."

"Pole sana."

"Si wewe. Wewe umefungua." Akatazama daftari langu. "Haya maneno ni yangu?"

"Ndiyo. Ni yako."

"Basi nitayasema. Ila sauti niliyokuwa nayo ilikuwa ya yule mama aliyeniigiza, alikwenda nayo kwake. Hii uisikiayo ni mabaki." Akanielekezea kidevu kooni. "Hiyo yako. Unaitumia?"

Sasa sikiliza nilivyojibu, maana hapa ndipo nilipojimaliza. Mtu mwenye akili angesema ndiyo, naitumia. Mimi nikatabasamu kijinga, kama tunavyofanya mgeni akisifia kikombe. Nikasema, "Wala, siitumii sana. Chukua tu."

Nilisema kwa adabu? Nusu. Nusu nyingine, ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka iniondoke.

Akasoma sehemu nzima bila kushika karatasi. Sauti ilikuwa yangu, naijua, lakini imesimama wima. Aliwakaripia wale waliomfungia nje mpaka nikaona aibu kwa niaba yao. Akasema hata mstari nilioufuta kwa peni mpaka karatasi ikachanika, mstari ambao hakuna binadamu aliyeuona. Alipomaliza akanyanyuka, akasema "asante, mwanangu," na mara hiyo akaisema kwa sauti yangu. Kisha hakuwapo tena, nikawa natazama magodoro tu.

Deo aliporudi alinikuta nimekumbatia hedifoni. Akasikiliza yote. Soda ikapata moto mkononi.

"Kumbe unaweza!" akasema. "Unaona? Ukitukanwa kidogo unafunguka. Hiyo ndiyo kazi ya dairekta."

Nikamweleza. Kila kitu, kama ninavyokueleza wewe.

"Njaa hiyo," akasema. "Nenda kale."

Jioni hiyo hiyo akairusha kwenye grupu. Chini yake aliandika: Imetungwa na kuongozwa na Deo. Kapteni Sabina: Rehema. Rehema! Ambaye alikuwa Busisi anarekebisha wigi kwenye upepo! Watu wakamwagika na sifa, kina mama wazima wanasema wamelia, na Rehema akajibu kwa mioyo myekundu, "Asanteni, haikuwa rahisi." Haikuwa rahisi. Nilirekodi ujumbe wa sauti kusema ukweli. Nilipousikiliza kabla ya kutuma, nikasikia sufuria za jirani, kuku, maji ya bomba. Mimi simo. Nikarudia mara sita. Kuku yumo, mimi simo. Nikaandika basi kwa maneno. Deo ndiye msimamizi wa grupu, akafuta.

Hivyo ndivyo nilivyo mpaka leo. Ukiwa mbele yangu unanisikia. Lakini nikipiga simu, mtu anasema haloo, haloo, anakata. Mwalimu alinipa kipaza sauti siku ya mdahalo, ukumbi mzima wakaniona nachezesha mdomo, wakadhani ni aibu yangu ile ya siku zote. Hakuna mashine inayonipokea. Na ile sehemu ya kwanza bado inazunguka kwenye simu za watu, inanisema vizuri kuliko nilivyowahi kujisema. Ndiyo maana naandika.

Kwa hiyo wewe usomaye, usihangaike kuogopa paka weusi. Ogopa adabu ya uongo. Mtu usiyemjua akikuuliza kama kitu chako unakitumia, hata kiwe kibovu, hata unakionea aibu, mwambie ndiyo, nakitumia kila siku, na ukishike kwa mikono miwili.

Nimalizie na kesho yake asubuhi, Jumapili. Nilitoroka kabla ya kanisa, nikaingia stoo, nikawasha kurekodi, nikaomba kwa upole nirudishiwe. Nusu dakika. Kimya cha magodoro tu. Nikaomba tena. Hakuna. Basi nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, nikaanza kupiga kelele. Nilimwambia Deo yote, kana kwamba yuko mbele yangu: kwamba ni mwizi, kwamba hajui hata nukta inakaa wapi, kwamba kofia haimfanyi mtu dairekta, kwamba kila neno lililowaliza watu ni langu. Nilisema mpaka koo likauma. Kisha nikarudisha nyuma kusikiliza. Dakika nne. Hakuna hata pumzi.

Nikageuka. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kitenge cha kanisani, na nyuma yake Deo, kofia mkononi, mdomo wazi.

"Ulikuwa unasema na nani?" Deo akauliza, kwa sauti ndogo.

Nikazima simu. Nikakaa kwenye godoro, nikayarudia yote toka mwanzo, polepole, nikimtazama usoni, asije akakosa hata neno moja.