Picha ya bibi iliyokatwa katikati: nusu Tunduma, nusu Nakonde

Wakuu, poleni na majukumu. Leo sileti chai, hiki ni kisa cha kweli. Hii ilitokea kwetu Tunduma miaka ya sabini, nikiwa primary.

Mjomba alikuwa anafanya kazi migodini Copperbelt. Likizo moja akaja na kamera ya film yenye lens mbili. Ukibonyeza, inapiga picha mbili kwa mpigo. Zinabandikwa kwenye kadi moja, kushoto na kulia, halafu unaitazama kwa kidude fulani kama darubini.

Hapo zinaungana, na mtu anatokeza mbele kabisa, unaona kama utamshika pua.

Bibi, mama yake mjomba, alikuwa hapatani na kamera. Alikubali mara moja tu, kwenye kigoda mlangoni, amenuna, kitambaa cha kichwani kimepinda. Film ikapelekwa studio Mbeya, mjomba akarudi kazini na kidude chake. Kadi ilikuja hayupo.

Sasa nani angejua? Mama yangu, dada yake mjomba, akaona picha mbili zinazofanana. Enzi zile za Ujamaa, na mama alikuwa mjamaa kumzidi balozi wa nyumba kumi.

"Mbili za nini sisi, na dada hana hata moja?"

Akachukua mkasi. Nusu akampelekea mama mkubwa, aliyeolewa Nakonde, upande wa Zambia. Tukamsifu kwa kukumbuka ndugu.

Bibi akafariki. Taarifa ilimfikia mjomba bibi kashazikwa. Alipofika hakutaka hata chakula, akatoa kidude kwenye begi.

"Nipeni ile kadi. Nataka nimwone mama."

Mama akamletea nusu, tena kaitia kwenye fremu. Mjomba akaitazama, akamtazama mama, akakaa chini. Film yenyewe studio walishaipoteza.

Kesho yake tukavuka. Mama mkubwa akagoma: "Nilichopewa hakirudi." Ikabidi mama aape kwamba hatuondoki nayo.

Mjomba akazipanga zile nusu kwenye kidude, akasogeza sogeza hadi zikaungana.

"Huyu hapa," akasema, machozi yanamtoka.

Akafuata mama mkubwa. Alipotazama tu, akanyoosha mkono hewani, anamweka bibi kitambaa sawa. Roho iliniuma, wakuu, na nilikuwa mtoto.

Alipotoa macho akamgeukia mama: "Kumbe siku zote hizi ulinipa mama nusu."

Tulicheka huku tunalia.

Funzo: kabla ya kugawa kitu, uliza kwanza kinatumikaje. Mama hadi leo hakubali kosa, anasema aligawa sawasawa.

Na nusu ile ya Nakonde haijawahi kutoka. Watoto wa mama mkubwa wameirithi pamoja na ubishi wake. Kwa hiyo tukitaka kumwona bibi vizuri, lazima tubebe nusu yetu na kidude alichotuachia mjomba, tuvuke, na tukishafika tunapikiwa, tunalala hukohuko.

Wenye mama kama wangu, karibuni mtoe ushuhuda.