Chapuchapu na Jozi ya Wafalme

Pale dukani kwa mafundi cherehani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Wote walimwita Chapuchapu. Mteja akiwa bado anaeleza mfuko ukae wapi, mkasi wa Chapuchapu ulikuwa umeshafika kiunoni. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, suruali iligeuka kaptula, naye alimsifia mteja hiyo kaptula kwa sauti tamu mpaka mtu akaondoka akiamini ndiyo aliyoifuata. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake anajua kuanza kila jambo. Kuacha ndiko hakufundishwa.

Chumba chao kilikuwa na cherehani tatu na dirisha moja la maana. Fundi mzee aliyekaa hapo dirishani miaka yote alikuwa amestaafu, akaacha kiti na mwanga wake. Bosi Mama, mwenye duka, alisema yeye hawezi kuwaamulia watu wazima mahali pa kukaa. Waelewane wenyewe kabla ya Jumatatu.

Waliolitaka dirisha walikuwa wawili: Chapuchapu na shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe, fundi wa matundu ya vifungo. Shemeji alisema anataka upepo. Chapuchapu naye akasema anataka upepo.

Hakutaka upepo. Miezi michache nyuma tundu la sindano lilikuwa limeanza kumkimbia. Aliulowesha uzi kwa ulimi, akaulenga, ukapita pembeni. Siku hizi alikuwa akitoka hadi mlangoni, anajifanya anatazama barabara, kumbe anatunga uzi. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Fundi akishasema haoni vizuri, nani atamwachia kitambaa chake kizuri? Pale dirishani, kwenye jua la asubuhi, angeweza kushona miaka mingine bila kuulizwa.

Ndiyo maana Jumamosi ile, duka lilipofungwa mchana, walikaa kwenye meza ya kukatia wacheze poka. Walizoea kuicheza kila Jumamosi, kwa vifungo vya zamani kutoka kwenye kopo. Leo atakayekuwa na fungu kubwa Bosi Mama akirudi na funguo, dirisha ni lake. Mpiga pasi wa dukani aligawa karata. Yeye dirisha hakulitaka. Alisema akikaa juani na pasi yake, Jumatatu jioni watamkuta ameiva.

Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kila mmoja ana karata mbili za siri, tano zinafunuliwa mezani kidogo kidogo kwa ajili ya wote, na njiani mnawekeana vifungo. Anayeogopa hutupa karata zake na kuviacha vifungo alivyokwisha kuweka. Wasipotupa, hufunuliana, na mwenye karata zinazolingana vizuri zaidi anazoa.

Shemeji alicheza kama alivyoshona. Kitambaa alikipima, akakipima tena, kisha akauliza aliyeandika kipimo alikuwa nani. Karata mbovu alizitupa, na za wastani nazo alizitupa.

"Shemeji, umekuja kucheza au kufagia?" Chapuchapu akamuuliza.

"Nafagia. Nikifika upande wako usinyanyue miguu."

Basi ikaja ile mara. Chapuchapu alishika mfalme na malkia. Mezani zikafunuliwa mfalme, saba na mbili. Jozi ya wafalme, na hapo mezani hakukuwa na karata kubwa kuliko mfalme. Akaweka vifungo vyake akipiga mluzi. Shemeji akaweka vilevile. Ikafunuliwa tisa. Chapuchapu akasukuma konzi nzima. Shemeji akavua kastabini kidoleni, akaiweka kando, akasukuma mbele karibu fungu lake lote.

Mluzi ukakatika.

Mkono wa Chapuchapu ulikuwa tayari juu ya vifungo. Mkono huo haukuwahi kungoja kitu. Wafalme wawili. Nani hutupa wafalme wawili? Akiwatupa na shemeji akawa hana kitu, atachekwa mpaka uzeeni, na uzee wenyewe utamkuta mlangoni na sindano yake.

Lakini kwa mara ya kwanza siku ile aliacha kutazama karata zake, akamtazama aliyekaa mbele yake. Mwanamke huyu alikuwa ametupa jozi ya tisa mchana huuhuu, akasema hazimpendezi. Aliwahi kukaa na hariri ya bibi harusi wiki nzima bila kuigusa, mafundi wote wakamcheka, na siku aliyoikata hakurudia hata mstari mmoja. Mtu wa namna hiyo akishika mkasi, kupima kumeshaisha.

Mpiga pasi akauliza kama amwitie daktari.

Chapuchapu akawatazama wafalme wake kama mtu anayeaga ndugu kituoni. Akawafunua, akawatupa. "Chukua, shemeji. Wewe una kitu."

Shemeji akafunua jozi ya saba, na ile ya mezani zikawa saba tatu. Wafalme wangezikwa.

"Umeacha," akasema.

"Nimeacha."

"Dada akisikia atadhani una homa."

Kuanzia hapo mambo yalibadilika, ingawa Chapuchapu alichelewa kuyaona. Alikuwa amebakiwa na vifungo vichache, lakini kila alipoviweka mezani shemeji alisita na kumkagua. Mtu aliyetupa wafalme si mtu wa kuchezewa. Shemeji akatupa mara moja, akatupa tena, na fungu la Chapuchapu likaanza kunenepa.

Sauti ya Bosi Mama ikasikika duka la jirani akiaga, na kuaga kwake huwa hotuba. Mpiga pasi akagawa mara ya mwisho. Mezani kukatoka malkia, kumi, nne, mbili na sita. Shemeji akasukuma nusu ya vifungo vyake. Chapuchapu alikuwa na tatu na nane, karata zisizojuana wala kujuana na mtu mezani. Akavikusanya vifungo vyake vyote, taratibu, kama mtu aliyepima, akavisukuma mbele.

Shemeji akafikiri mpaka akafumba macho. Kisha akafunua malkia wake, akamtupa. "Mimi nami sitaki kuzikwa."

Chapuchapu alipofunua tatu na nane, mpiga pasi alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Kwa upepo tu," shemeji akasema, "ndiyo umenidanganya hivi?"

Labda ni furaha iliyomlegeza, labda ni haya. Chapuchapu akamweleza habari ya sindano, ya mlangoni, ya barabara aliyokuwa haitazami. Shemeji hakucheka.

"Ungesema. Ningekupa dirisha, nami Jumamosi yangu ningelala."

"Ungemwambia dada yako."

"Nitamwambia leo. Na Jumatatu unakwenda kupimwa macho. Mpaka utakaporudi na miwani, hapo dirishani nakaa mimi."

"Shemeji, nimeshinda."

"Umeshinda. Shika upande ule wa cherehani tunyanyue."

Bosi Mama alipoingia na funguo aliwakuta watatu wakihema katikati ya chumba, wameinyanyua cherehani moja, wakibishana ya nani ndiyo iende dirishani.