Tumegongwa Temeke, na polisi siendi

Jamani, leo nimegongwa, na aliyenigonga kanitia wasiwasi kuliko hilo bampa.

Gari si langu, mnajua. Ni la mzungu ninayemwendesha. Asubuhi kaniaga anakwenda Bagamoyo na gari la rafiki yake, nami nikaona nimpeleke mama mkwe arusini Temeke kwa heshima.

Teksi ikatupiga nyuma. Nikashuka na hasira zangu: "Twende kituoni."

Dereva akawa mpole mno. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, kisha akanigeukia: "Kaka, yaishe. Polisi wa nini?"

Mtu akugonge halafu asibishane? Mie huyo namshuku.

Nikachungulia ndani ya teksi. Nyuma kuna abiria kajifunika uso kwa gazeti. Viatu vinaonekana, kamba moja nyeusi, moja ya kahawia. Kamba hizo nilizitia mwenyewe leo asubuhi, nilipokosa nyeusi ya pili.

Nikasema basi, yaishe.

Jioni mzungu wangu karudi "kutoka Bagamoyo". Kalitazama bampa lililopinda. Kavua viatu mlangoni, vile vya kamba mbili rangi mbili, nivipanguse mchanga.

Nyie mngeripoti?