Swichi ya Kuachia Tela

Bega la kulia la mume wangu lilifia Arusha, kwenye yadi ya magari, akivuta hendeli ya tela lililogoma kuachia. Nasema lilifia kwa sababu sina neno jingine. Halikuvunjika, wala halikuvimba kwa kutisha. Hospitali walimpa dawa ya kuchua na vidonge, wakamwambia apumzike. Apumzike! Dereva wa semi mwenye watoto shuleni, na mke anayeuza chai na chapati kando ya barabara ya Karatu, unamwambia apumzike, kana kwamba ana shamba la kahawa linalojichuma lenyewe. Alirudi kazini wiki ileile. Vidole vilishika usukani vizuri tu, na gia aliingiza kwa mkono wa kushoto kama madereva wote wa nchi hii, lakini bega halikunyanyua kitu wala halikuvuta kitu.

Enzi hizo lami ilikuwa inajengwa kutoka Makuyuni kupanda kuja kwetu, hadi lango la Ngorongoro. Magari ya tajiri wake yalileta saruji na nondo. Kichwa cha gari kiliacha tela lililojaa kwenye yadi iliyokuwa ng'ambo ya kibanda changu, kikafunga tela tupu, kikageuza kurudi Arusha. Kwa hiyo kazi ya kufunga na kufungua matela niliitazama kila siku huku nikisukuma chapati, mpaka nikaijua kama ninavyoijua kazi yangu.

Kwa asiyejua, nyuma ya kichwa cha semi kuna sahani nene ya chuma, imepakwa grisi. Tela lina pini chini yake. Pini inaingia kwenye sahani, taya zinaibana, na hapo kichwa na tela vinakuwa gari moja. Ukitaka kuviachanisha unashusha miguu ya tela, unachomoa mipira ya upepo, halafu unainama ubavuni, unaingiza mkono kule chini na kuivuta hendeli kwa nguvu zako zote ili taya zifunguke. Vumbi la Karatu likishaingia kwenye grisi ile, hendeli inataka mwanaume mwenye mabega mawili. Mume wangu alikuwa na moja.

Kilichomwokoa ni gari. Tajiri alinunua kichwa kilichotumika Ulaya, na mume wangu, kwa kuwa ndiye mkongwe wa kampuni, akapewa hicho. Siku ya kwanza alikuja nacho akaniita nipande. Mimi na unga mikononi nikapanda. Akanionyesha swichi nyekundu kando ya usukani, yenye kifuniko kama cha kibiriti. "Mama," akaniambia, "ukibonyeza hii, upepo unavuta hendeli wenyewe. Taya zinafunguka. Hushuki, huinami." Akaifunika tena taratibu. Niliuona unafuu machoni mwake, nikashuka upesi nisije nikalia mbele ya wateja.

Miguu ya tela aliizungusha kwa mkono wa kushoto, polepole, akijifanya mtu asiye na haraka. Mipira ya upepo, kushoto pia. Kisha anapanda, anafungua kile kifuniko, unasikia mlio mfupi wa upepo na chuma kikigonga, na tela linabaki limesimama peke yake. Watu waliona dereva anayejivunia gari la kisasa. Mimi niliona mtu aliyefungiwa banzi kwenye mguu uliovunjika, akatembea.

Kuficha bega kulikuwa kazi nyingine kabisa. Kanisani ndiko kulikonichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Mkono wa kulia haukunyanyuka kumsalimia mtu, na kushoto humpi mtu mzima. Basi akawa anaubeba wa kulia kwa kushoto, ameushika chini ya kiwiko, anaunyoosha hivyo. Kwetu hiyo ni heshima kubwa, salamu ya mtu kwa mkwewe. Akawa anawasalimia hivyo hata vijana wa kwaya. Mzee wa kanisa akasimama siku moja akasema tuige unyenyekevu wa ndugu yetu huyu, ni dereva lakini tazameni anavyosalimia. Nilibana midomo. Yeye aliinamisha kichwa, na watu wakaona ananyenyekea zaidi.

Nilimwambia, si mara moja. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie tajiri akupe kazi ya ofisini, hata ya kuandika magari getini."

"Na anayetangaza maradhi, nani anamlisha?" akanijibu. "Mbona yule wa mguu alitangaza? Yuko wapi?"

Kweli, yule wa mguu, dereva mwenzake aliyeumia, alikuwa kwao Mbulu, anachunga ng'ombe wa kaka yake. Nilimkasirikia tajiri, nikaikasirikia lami, nikamkasirikia na yeye kwa kuwa na jibu.

Kulikuwa na mwiko mmoja pale yadini, na huo lazima niueleze. Hendeli ya mwenzako huigusi. Aliyefunga ndiye anayefungua. Tela likiachiwa vibaya likapiga magoti, saruji ikamwagika chini, lazima ijulikane ni mkono wa nani. Ndivyo walivyosema wenyewe. Lakini niliwaona miaka ile yote, na ninaamini kulikuwa na zaidi. Kumfungulia dereva mwenzako ilikuwa sawa na kumtangaza kwamba ameisha. Hata utingo aliombwa kuzungusha miguu tu, hendeli hakuisogelea. Kwa hiyo hakuna mtu pale ambaye angeweza kumsaidia mume wangu, hata kama alimpenda.

Barabara ikaila ile swichi. Magari yalipita kwenye diversheni, njia ya muda ya mawe matupu, kutoka Mto wa Mbu kupanda ukingo ule mrefu mpaka kwetu, na mpira mwembamba wa upepo unaokwenda kwenye sahani ukaanza kupasuka. Akaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ukapasuka pembeni. Akafunga tena. Angeweza kumwambia fundi aubadilishe, lakini fundi angeuliza kwa nini usivute kwa mkono kama wenzako mpaka spea ifike. Nilimwona kila anapofika yadini anakaa kwanza ndani, kichwa ameinamisha juu ya usukani. Najua alikuwa anasali. Watu wengine humwomba Mungu mvua, mume wangu alimwomba upepo wa kutosha kwenye mpira.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi, ukungu umeshaondoka, kibanda kimejaa. Tajiri alikuwa amekuja na pikapu yake, amesimama yadini na msimamizi wa ujenzi wa barabara, maana tela lile lilikuwa na nondo zilizosubiriwa. Mume wangu akaingia, akapanga gari, akashuka, akashusha miguu ya tela, akachomoa mipira, akapanda. Mimi nilikuwa nageuza chapati. Nilingoja ule mlio wa chuma. Nikasikia upepo tu, mrefu, wa kitu kinachovuja. Kisha tena. Kisha tena, mfupi zaidi, kama mtu anayemalizika pumzi.

Akashuka. Akainama ubavuni, akaingiza mkono wa kushoto. Nikaona mgongo wake ukijikunja ukakaza, ukalegea. Akajaribu tena. Madereva wenzake waliokuwa wanakunywa chai kwangu wakaacha vikombe, wakavuka barabara, wakaenda kusimama karibu, mikono mifukoni. Mwiko ni mwiko. Tajiri naye akasogea. Greda ilikuwa inapita barabarani, sikusikia neno hata moja. Niliona tu midomo. Niliona tajiri anauliza, madereva wanatikisa vichwa, mmoja anaonyesha chini ya tela kwa kidole, mwingine anapukuta vumbi kwenye suruali yake na kusema kitu, tajiri anakunja uso. Nikajua wanamteta. Wamemgeuka mbele ya macho yake. Halafu nikamwona mume wangu anauchukua mkono wa kulia kwa kushoto, anauingiza chini ya tela kama mtu anayeingiza kuni jikoni, na uso wake ukawa wa kijivu.

Sikufikiri. Nilivuka barabara na mwiko wa chapati mkononi, msimamizi akapiga kelele kwa sababu ya greda, sikusimama. Nilijua la kufanya. Nilikuwa nimewatazama miaka. "Panda," nikamwambia mume wangu, "rudisha nyuma kidogo, ilegee." Mmoja wa madereva akasema, "Shemeji, acha. Shemeji, usiguse." Nikamwambia anyamaze. Mimi sikuwa dereva, mwiko wao haukunihusu. Mume wangu alinitazama, kisha akapanda. Gari likarudi nyuma kidogo tu. Nikaweka mguu kwenye tairi, nikaishika hendeli kwa mikono yote miwili, nikavuta kama ninavyovuta kamba ya ndoo kisimani.

Ikafunguka mara moja. Laini kabisa, imejaa grisi.

Niligeuka nikicheka, nadhani nilitarajia makofi. Hakuna aliyepiga. Madereva walitazama chini. Tajiri aliitazama hendeli, akanitazama mimi, akamtazama mume wangu kule juu kwenye kioo, akamtazama kwa muda mrefu. Akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha, "Mzee, shuka tuongee." Sikuwahi kumsikia akimwita mzee.

Jioni gari liliondoka na dereva mwingine. Mume wangu alipita kibandani, akaagiza chai kama mteja yeyote, akainywa na kuimaliza, akaenda nyumbani kwa miguu.

Hakuniambia lolote. Nilimngoja aseme, nikampikia makande anayoyapenda, nikagombana naye kwa mambo madogo ili tu afungue mdomo. Akaanza kwenda shambani kwa ukoo wao, juu karibu na msitu, akipalilia maharage kwa mkono mmoja. Jembe linashuka, linapinda, anakata mche badala ya gugu. Shemeji zangu walimwacha apalilie, halafu wakarudia nyuma yake akishaondoka. Naye alijua. Nilimwona anavyoikwepa mistari aliyopalilia jana yake, asiione ilivyosafishwa. Nilikata tamaa pale, siku moja tu nikimtazama, na sijawahi kuipata tena tamaa yenyewe. Nimeishi, nimelea, nimecheka kwenye harusi za watu. Lakini kile nilichokuwa nacho kwa ajili yake, cha kuamini kwamba mambo yatakaa sawa, kilibaki kwenye tuta lile la maharage.

Nilikwenda nikakaa naye kwenye tuta. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, tunawaona watalii wanavyopita chini na magari yao kwenda kutazama kreta. Nikasema, kwa kuwa sikuweza tena kunyamaza, "Angalau ungeshukuru. Wale rafiki zako walisimama wakakuteta, mikono mifukoni. Hakuna aliyekusaidia ila mimi."

Akaweka jembe chini.

"Walikuwa wananisaidia," akasema. "Walimwambia bosi chuma kimekamata. Kwamba ni vumbi, hata wao hendeli zinawagomea. Bosi alishakubali, Mama. Alishasema aitwe fundi, abadilishe na mpira. Akasema nijaribu mara ya mwisho tu."

Nililiokota jembe lake, nikalifuta udongo kwa kiganja.

"Chuma kilikuwa kibovu," akasema mume wangu, "mpaka ulipokifungua."