Korti ya kijijini ilinitafuta kwa kosa la pikipiki, na mimi sijawahi endesha pikipiki

Wakuu, nawasalimu popote mlipo. Nimesoma nyuzi za wengine hapa kwa miaka bila kuchangia, leo acha na mimi nitoe yangu. Ni ya kweli tupu. Anayebisha nitamwelewa, maana mimi mwenyewe ningebisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Kwanza mnijue. Mimi ni dereva, naishi Kawangware, kwetu ni Western.

Na ni mtu wa kushuku. Sio kidogo. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku moja naanza kujiuliza anataka nini. Nairobi ndiyo ilinifunza hivyo.

Miaka yote nimeendesha canter. Mbao, simiti, wakati mwingine nyumba nzima ya mtu anayehama. Kazi ya leo ipo, kesho haipo.

Basi mwaka huu shule moja ya private kule Satellite ikatafuta dereva wa basi la watoto. Mshahara wa kila mwezi, na binti yangu angesoma hapo kwa nusu karo. Hiyo ya binti ndiyo ilinifanya nivae shati ya kanisa siku ya interview.

Director ni mama mpole lakini macho yake hayalali. Akaniuliza maswali, tukaenda barabarani nikaendesha, akaridhika. Akaniambia nirudi Ijumaa nichukue barua ya kazi.

Ijumaa nimefika, barua hakuna. Kuna laptop.

Akaigeuza nione. Alikuwa ametafuta jina langu kwenye mtandao wa kesi. Jamhuri dhidi ya Festo Wanyonyi. Kosa la trafiki. Mshtakiwa hakufika kortini, warrant imetolewa akamatwe. Na korti yenyewe iko kwetu, mji mdogo wa county ya nyumbani.

"Festo, ID yako inasema umezaliwa huko," akaniambia. "Siwezi weka watoto wa wenyewe kwa gari na dereva anatafutwa. Clear hii kitu kabla shule zifunguliwe, ama nichukue yule wa pili."

Nilitoka pale najiuliza. Nyumbani mimi huenda Krismasi na mazishi, na naenda kama abiria. Ningepewa kesi ya barabara saa ngapi?

Sasa kichwa cha mtu wa kushuku kikipewa kazi kama hiyo hakipumziki.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Odhis. Odhis ni dereva mwenzangu, anaishi Olympic, na ile canter tulikuwa tunapokezana. Tajiri wetu aliwahi kutaka picha za leseni zetu zote mbili, zikatumwa kutoka simu ya Odhis. Kwa hivyo picha ya leseni yangu anayo. Na safari za huko Western anazipenda.

Sikumuuliza moja kwa moja. Nilimzunguka. Nikamuuliza mara ya mwisho alipita pande za kwetu lini, na kama siku hizo leseni yake ilikuwa imeisha muda.

Odhis akaniangalia. "Buda, mbona unaniuliza kama karao? Sema chenye unataka kusema."

Nikasema hakuna kitu. Alikuwa ameninunulia chai, nikaiacha nusu nikaenda zangu.

Wa pili alikuwa jamaa wa cyber. Nilienda kwake kuprint ile page, akaisoma kabla hata haijatoka kwa printer.

"Hii ni kitu ndogo, brathe. Niko na mtu ndani. Kesho hii jina haiko."

Nikamuuliza mtu ndani ya wapi.

"Ndani," akasema, na akaniomba nambari ya ID na ya leseni.

Nilichukua karatasi yangu nikatoka. Wakuu, mtu anayeweza kufuta jina lako anaweza pia kuliandika. Nilifika kwa nyumba nimeshaamini ni yeye na wenzake wanaoweka watu majina huko, halafu wanalipwa kuyatoa.

Nikaamua naenda mwenyewe hadi hiyo korti ya kwetu.

Asiyewahi kwenda kortini akijua jina lake liko kwa warrant, usinicheke. Nilikaa nje ya lango muda mrefu. Polisi wawili walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma kwa benchi, na kila mmoja wao nilimwona kama ananiangalia mimi. Mwishowe nikasema liwalo na liwe, nikaingia registry.

Karani alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nikampa jina. Akaenda nyuma, akarudi na faili. Mimi nangoja lile swali la kuitisha hongo, "sasa tutafanyaje?" Hakuliuliza. Hiyo nayo ikanitia wasiwasi zaidi.

Akanisomea. Pikipiki. Bila helmet. Amebeba abiria kupita kiasi. Nambari ya ID haipo, kwa sababu siku aliyoshikwa hakuwa nayo. Kilichoandikwa ni majina mawili na location anakotoka.

"Wewe ni mtu wa boda?"

"Sijawahi hata kushika usukani wa pikipiki."

Akarudia kusoma. "Abiria ni wanawake wawili, mmoja mgonjwa. Location ni yenu." Akaniangalia juu ya miwani. "Kwenu hakuna Festo Wanyonyi mwingine?"

Alikuwepo.

Niwaeleze. Kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyetangulia. Babu yetu alikuwa Festo Wanyonyi. Alipofariki, mwaka huo huo wana wake wawili wakapata vijana, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake jina la mzee. Kwa hivyo boma moja likawa na Festo wawili. Sisi tulikaa upande wa barabara, nikaitwa Festo wa Juu. Binamu yangu alikaa upande wa mto, akaitwa Festo wa Chini. Mama zetu wote wawili ni Mama Festo. Na wazee walituita sote Kuka, yaani babu, kwa sababu ya jina.

Kwangu yeye alikuwa "Wa Chini" tu. Utamwitaje mtu mwingine kwa jina lako?

Wa Chini alikuwa seremala Soweto East, huku Nairobi. Kazi ikakauka akarudi nyumbani. Nilisikia anahangaika na hili na lile, sikuuliza ni lipi. Halafu mwaka jana akaugua akafariki. Nilienda mazishi, nikatupa udongo, nikarudi Nairobi.

Siku zote hizo nashuku walio hai, yule aliyelala hata hakunijia akilini.

Karani akanieleza polepole, kama mwalimu. Kesi ya marehemu hufungwa, lakini hakimu lazima aone cheti cha kifo, na mtu wa familia aseme. Faili ingetajwa kesho yake asubuhi. Mimi nije na ID yangu, wathibitishe sio mimi.

Nikaona mambo yameisha. Kumbe bado.

Wazazi wangu hawako tena, kwa hivyo Mama Festo aliyebaki ni mmoja, mamake Wa Chini, ninayemwita Mayi, yaani mama. Nilimkuta anapepeta maharagwe. Akafurahi kuniona, akaweka chai, akaniuliza watoto. Nikakunywa kidogo, nikamwambia nimekuja kuomba cheti cha kifo cha Wa Chini.

Akaweka birika chini.

"Cheti cha nini?"

Nikamweleza. Kazi, laptop, warrant, hakimu. Nikisikiza maneno yangu mwenyewe, hata mimi niliona kama natunga.

"Kwa hivyo umetoka Nairobi kufuata makaratasi ya mtoto wangu."

"Mayi, ni kesi tu ya pikipiki."

"Hili shamba liko kwa jina la nani?"

Title haijawahi badilishwa. Iko kwa jina la babu. Festo Wanyonyi.

"Na Festo Wanyonyi amebaki nani?"

Wakuu, niliumia. Kuna wakati nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Mimi nina jina lililo kwa title. Nikiwa pia na karatasi inayoonyesha mwenzangu wa jina hilo ameondoka, nani atanizuia kuzunguka maofisi? Ningekuwa yeye ningejifukuza. Mkuki kwa nguruwe, mwajua wenyewe.

Hakunifukuza. Alisema tu, "Chai itapoa," akarudi kwa maharagwe yake.

Nililala kwa nyumba ya marehemu baba nikiwa nimeshaaga ile kazi. Nilifikiria vile nitamwambia binti yangu habari ya shule.

Asubuhi nafungua mlango, Mayi amesimama nje. Gauni ya kanisa, kitambaa kichwani, mkoba umebanwa kwapani.

"Twende," akasema. "Lakini nitabeba mwenyewe."

Njiani ndipo alinieleza. Yule abiria mgonjwa alikuwa yeye. Alizidiwa, gari hakuna, Wa Chini akampakia kwa pikipiki, na jirani akakaa nyuma kumshikilia asianguke. Askari wakawasimamisha, wakamwambia ashushe mmoja.

"Angemshusha nani?" akaniuliza. "Akishusha jirani, naanguka. Akinishusha mimi, tulikuwa tunaenda wapi?"

Wakamwachilia amfikishe hospitali, akitoka huko akapitia kituoni mwenyewe kuandikiwa kosa. Ndiyo maana hakuwa na ID, alitoka nyumbani mbio. Na siku ya korti ilipofika, Wa Chini ndiye alikuwa amelazwa.

Sikuwa najua hata moja ya hayo. Nilitembea nikiona aibu.

Registry wakataka photocopy. Mayi hakumpa mtu cheti. Alienda nacho hadi kwa mashine, akakilaza mwenyewe, akaweka mkono juu ya kifuniko mpaka ikatoka. Ile nakala akampa karani. Mimi hata sikuigusa.

Tukaingia. Kesi zikaitwa moja moja. Halafu askari wa korti akaita kwa sauti:

"Festo Wanyonyi!"

Nikasimama. Wakuu, tangu nursery jina hilo likiitwa mimi husimama. Askari akaanza kunijia.

Mayi akanivuta koti. "Kaa. Sio wewe umeitwa."

Akasimama yeye. Mama mfupi, mkoba bado kwapani.

"Huyo ni wangu," akamwambia hakimu. "Hakukataa kuja. Alikufa."

Hakimu akasoma nakala, akataka aone cheti chenyewe. Mayi akampa yule askari amwonyeshe hakimu, macho yake hayabanduki kwacho. Wakaangalia ID yangu. Hakimu akasema pole mama, kesi imefungwa, warrant imeondolewa.

Ilichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mimi nilimzika yule mtu bila chozi, lakini pale kwa benchi nililia mbele ya watu wenye kesi zao.

Karani akanipa barua yenye muhuri, inasema kesi haikuwa yangu. Hakuitisha kitu. Nilimshuku bure.

Nje Mayi akarudisha cheti kwa mkoba, akafunga zipu, akahakikisha imefunga. Halafu akanigeukia.

"Kuka," akaniita. Tangu mazishi hakuwa ameniita hivyo. "Hiyo kazi sasa utapata?"

"Nitapata, Mayi."

"Basi uendeshe pole pole. Nimebaki na mmoja." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Na ya shamba usiniulize."

Kazi nilipata. Director alisoma barua mara mbili, kisha akapigia korti simu kuuliza kama kweli ni yao. Nilimpenda kwa hiyo. Binti yangu nampeleka shule mwenyewe kila asubuhi, anakaa kiti cha nyuma yangu na anajifanya hanijui.

Odhis nilimtafuta nikamnunulia chai, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alicheka sana. Lakini wakuu, chai aliacha nusu.

Nilichojifunza. Tafuta jina lako kwenye mtandao wa kesi kabla tajiri hajakutafutia. Ukiona kitu, nenda korti yenyewe, achana na watu wa "niko na mtu ndani". Ukishikwa barabarani, hakikisha nambari ya ID imeandikwa, sio jina tupu. Na ukishuku watu, sawa, mimi bado nashuku, lakini acha nafasi kidogo ya kwamba mtu alikuwa tu anampeleka mamake hospitali.

Wenye uzoefu na warrant za mashambani semeni hapa chini, na wanasheria mnirekebishe. Pia nauliza: kijijini kwenu mko wangapi wenye jina lako? Na mara ya mwisho kumpigia mwenzako simu ilikuwa lini? Mimi wangu sikuwahi kumpigia.