Safari Ambayo Mtoto Wangu Hakuwamo

Pasi zetu za kusafiria zilifika Mwanza siku ya Jumatatu, na mume wangu alizileta nyumbani kwetu, mtaa wa Pasiansi, ndani ya mfuko wa shati, amezikandamiza kwa mkono kama mtu aliyepewa nishani. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa ule unga wa njano tuliokuwa tukiupangia foleni mwaka ule, mtoto mgongoni. Nikafuta mikono, nikaichukua ya kwangu. Picha ilikuwa mbaya, sawa. Jina lilikuwa langu. Nikafungua ukurasa wa watoto. Ulikuwa umepigwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona.

"Huyu yuko wapi?" nikamuuliza, nikamgeuzia mgongo ili amwone ninayemsema.

"Huyo tutazungumza."

"Tuzungumze nini? Meli ya Kisumu ni Ijumaa."

"Ndiyo maana nasema tutazungumza. Usianze."

Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na mwezi mmoja. Alikuwa ananyonya bado, anatembea hatua nne, anaanguka, anacheka. Kwa miezi saba nilikuwa nimeshona nepi za khanga kuukuu na kuficha kila kopo la maziwa ya unga nililobahatika kulipata dukani, kwa ajili yake, kwa ajili ya safari. Kila mume wangu aliposema "sisi tutapita Mombasa" au "sisi tutakaa Bombay mpaka tuchoke", mimi nilihesabu watu watatu. Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu wawili.

Fomu ya kuombea pasi niliiweka sahihi mwenyewe. Nasema hivyo kabla mtu hajaniuliza. Aliileta ofisini kwangu saa ya chai, akasema, "Weka sahihi hapo chini, mengine nitajaza mimi, mwandiko wako umezoea mashine." Nikaweka sahihi karatasi tupu, mimi niliyemaliza kidato cha nne, mimi ninayewakemea wakulima wanaoweka dole gumba bila kuuliza wanakubali nini.

Safari tuliitaka wote wawili. Nisipolisema hilo nitakuwa mwongo kama yeye. Yeye ni mpima ardhi, na miaka ile alikuwa anapima viwanja vya vijiji vipya, anapiga vigingi mahali ambapo watu wameambiwa wahamie. Wengine walimkaribisha, wengine walimwuliza kama mama yake naye amehamishwa. Alikuwa akirudi nyumbani baada ya wiki mbili porini, anakaa kwenye kiti mpaka usiku. Siku moja akasema, "Nataka kwenda mahali ambapo sijui kipimo cha kitu chochote." Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya pamba. Kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kwenda mahali, na mahali penyewe sijawahi kupaona. Nikamwambia twende. Tukaomba likizo ya mwaka mmoja bila malipo, kila mtu kwa mkubwa wake, na ajabu ni kwamba wakubwa wote wawili walikubali.

Aliyetusumbua ni balozi wetu wa nyumba kumi. Bila barua yake hakuna pasi.

"Mnakwenda masomoni?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Serikali inawatuma?"

"Hapana."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa."

"Sasa mnakwenda kufanya nini?"

"Kuona," mume wangu akasema.

"Kuona nini?"

"Dunia."

Balozi akavua miwani. "Dunia. Jumamosi watu wote hapa wanabeba mawe ya darasa la shule, wewe unataka nikuandikie barua ukaone dunia. Na huyu mama unamburura!"

"Sibururwi, mzee," nikamwambia. "Nakwenda kwa miguu yangu."

Mwisho akaandika kwamba tunakwenda kutazama wenzetu wanavyolima. Mume wangu hakumsahihisha. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani, na mtoto akacheka kwa sababu tulicheka.

Jumanne asubuhi, siku moja baada ya pasi kufika, mume wangu aliamka mapema akasema anakwenda gatini mara moja. Alirudi na mama yake.

Mama mkwe wangu hakai mbali na shamba lake la migomba huko Bukoba bila sababu. Aliingia na mkungu wa ndizi, kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani, na kikombe kidogo cha bati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mgeni wangu?"

Alikuwa anamwulizia mtoto. Akamchukua, akamnusa shingoni, akampa kikombe achezee. "Hiki ndicho kilichomwachisha kunyonya baba yako," akamwambia, "na shangazi zako wote. Baba yako alikitupa mara tatu. Alikuwa mkorofi."

Mume wangu akasema anakwenda kutafuta sukari. Sukari haikuwapo mji mzima, na yeye alijua.

Hapo nikaelewa. Kwao, na hata kwetu Usukumani, mtoto akishaanza kutembea hupelekwa kwa bibi yake ili aachishwe kunyonya. Hamwoni mama yake mwezi mmoja, miwili, akirudi amesahau. Mimi mwenyewe nilipelekwa hivyo. Si jambo la ajabu, na mume wangu alijua kwamba si jambo la ajabu, ndiyo maana alilitumia. Lakini miezi miwili ni miezi miwili. Mtu akirudi baada ya mwaka, mtoto amemsahau yeye, si maziwa tu.

"Barua yako ilinipendeza," mama mkwe akasema. "Katekista alinisomea mara mbili. Nikamwambia, yule msichana nilidhani ana kiburi cha shule, kumbe ana adabu."

"Barua yangu?"

Akafungua fundo la leso, akanipa. Hajui kusoma, lakini alikuwa ameitunza kama cheti cha ubatizo.

MAMA MPENDWA, MIMI MKWEO NAKUOMBA UJE UMCHUKUE MJUKUU WAKO UMLEE MWAKA HUU TUTAKAPOKUWA SAFARINI. NIMEFIKIRI SANA NA NIMEONA NI VEMA.

Chini, jina langu. Barua nzima iliandikwa kwa zile herufi kubwa, wima, zenye nafasi sawa, ambazo wapima ardhi hufundishwa kuandika kwenye ramani zao. Hakujali hata kubadili mwandiko. Alijua mama yake hasomi na katekista hamjui. Na yale maneno, nimefikiri sana! Nilikuwa na hamu ya kujua nilifikiri nini.

"Mama, hii sikuandika mimi."

"Jina lako limo."

"Jina ni langu. Mkono ni wa mwanao."

Akachukua punje ya kahawa, akaitafuna mpaka ikaisha. Nilidhani atasema, basi, mwanangu, mtoto ni wako. Hakusema.

"Hayo ni makosa yenu wenyewe," akasema. "Mimi nimekwisha andaa kitanda. Nimewaambia watu wote kanisani nakwenda kumleta mjukuu. Sasa nishuke Bukoba na kikombe?"

Mume wangu aliporudi, mikono mitupu, nilimkuta uani kabla hajaingia.

"Uliandika kwa jina langu."

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ukanijibia."

"Sikiliza. Kutoka Mombasa tutalala sitahani, juu kabisa, siku nyingi, jua na mvua. Maji ya kunywa ni ya kupimiwa. Mtoto akiharisha katikati ya bahari utampeleka zahanati gani? Niambie, utampeleka wapi?"

Na hapo ndipo nilipomchukia zaidi, kwa sababu hakukosea. Angeniambia hayo miezi saba nyuma ningelia, ningegomba, pengine ningekubali, pengine tungengoja mtoto akue. Aliyaweka mpaka siku tatu kabla ya meli, tiketi zimekwisha katwa, meza yangu ofisini imekwisha pewa msichana mwingine.

"Wewe ndiye uliyesema twende," akaniambia.

"Nilisema twende. Sikusema tumwache."

"Mama yangu amelea watoto wangapi? Wewe umelea wangapi?"

"Mmoja. Na nataka kumaliza."

Jumatano nilikwenda ofisi ya uhamiaji na mtoto mgongoni. Karani alikuwa kijana wa umri wangu, mstaarabu. Akaniambia mtoto anaweza kuandikwa kwenye pasi yangu, ila kwa fomu mpya, na sahihi ya baba yake, na fomu iende Dar es Salaam irudi. Nikamwuliza itachukua siku ngapi. Akasema, "Dada, usiniulize siku. Niulize miezi."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Njiani niliyaona maji ya ziwa kati ya mawe, na meli ya mizigo inatoka, na nitasema kitu ambacho sijamwambia mtu: nilitaka kwenda. Nilimshika mtoto miguu yake miwili iliyoning'inia kiunoni kwangu, na bado nilitaka kwenda. Nilijiambia watoto hawakumbuki. Nilijiambia mimi sikumbuki kupelekwa kwa bibi na sikufa. Nilipofika nikamwambia mama mkwe, "Sawa. Mchukue." Mume wangu akasema nimefanya busara. Sikula chakula cha usiku ule.

Alhamisi mama mkwe akanionyesha jinsi ya kufunga matiti kwa khanga, akaikaza kwa goti lake mgongoni kwangu mpaka nikaguna. "Siku tatu utaumwa," akasema. "Baadaye yanakauka. Usikamue hata kidogo, ukikamua yanarudi." Alisema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko yote. Mtoto aliamka kutoka usingizini, akaja hatua zake nne, akavuta khanga. Nikampa kikombe. Akakitupa.

Tulishuka gatini alasiri. Watu wa Bukoba walikuwa wamejaa na magunia, mabati, baiskeli, kuku. Mama mkwe alikuwa na tiketi ya daraja la tatu. Akambeba mtoto kwa mbeleko niliyoshona mimi, akapanda ngazi polepole, mkono mmoja kwenye kamba. Mtoto alikuwa anaangalia kuku. Walipofika juu mtoto akageuka kunitafuta kama anavyonitafuta kila siku nikienda kuanika nguo, hana wasiwasi, anangoja nije. Sikuja. Akaanza kulia.

Nimemsikia mtoto huyo akilia mara elfu. Kilio cha njaa nakijua, cha usingizi nakijua, cha hasira nakijua, hicho amekirithi kwangu. Hiki sikukijua. Khanga yote kifuani ililowa, ile iliyokazwa kwa goti, ikalowa mpaka gauni, mbele za watu.

"Atanyamaza," mume wangu akasema. "Twende. Ukisimama hapa unamzidishia."

"Nishikie mkoba."

"Unakwenda wapi?"

Nilimwachia mkoba, na ndani yake pasi, ufunguo wa nyumba, kila kitu. Meli ilikwisha piga honi ya pili na mabaharia walikuwa wanaishika ngazi waivute. Mmoja akanyoosha mkono kunizuia. "Mama, tiketi!" Nikamwambia mtoto wangu yuko humo. Sijui alinionaje usoni, lakini akaushusha mkono.

Niliwakuta nyuma ya magunia ya chumvi. Mama mkwe alikuwa anamtikisatikisa, anaimba kwa Kihaya, jasho linamtoka. Nikakaa chini, nikafungua fundo la khanga kwa meno. Mtoto alipoanza kunyonya alikuwa bado ana kwikwi, anaacha, ananitazama, anaendelea.

"Umeharibu," mama mkwe akasema. "Sasa tutaanza upya."

"Hatuanzi, mama."

"Na safari?"

"Mwanao aende."

"Nguo za kubadili?"

"Sina."

"Tiketi?"

"Sina."

"Wasichana wa shule," akasema, si kwangu, kwa mwanamke wa jirani mwenye kuku. "Wanajua kila kitu isipokuwa kubeba nguo." Lakini alivua shuka yake ya mabegani akanifunika, kwa sababu gauni langu lilikuwa limelowa na wanaume walikuwa wanatazama.

Gati ilianza kusogea. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, mkoba wangu wa kike mkononi, anapaza sauti kitu kuhusu kesho, kuhusu meli ya Kisumu. Nilimsikia vizuri. Mwanamke mwenye kuku akaniuliza, "Yule baba anayeita ni wa kwako?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza mbona simjibu. Nikamwambia ameshazoea kunijibia.

Sasa ni mwezi wa tatu niko huku kwa mama mkwe. Mume wangu hakwenda Kisumu. Aliandika barua, safari hii kwa jina lake, kwamba ameomba kurudishwa kazini, wamempeleka tena kupima vijiji, na kwamba nimemharibia kitu ambacho hakitapatikana tena. Anauliza ni lini nitarudi. Mama mkwe ananiambia nimjibu, mume ni mume. Anasema pia kwamba mtoto amekuwa mkubwa mno kunyonya, na anasema hivyo kila asubuhi, akimpa uji kwa kile kikombe, na mtoto anaunywa, kisha anakuja kwangu.

Barua ya mume wangu sijaijibu. Likizo yangu ilikuwa ya mwaka mzima, bado miezi tisa, na mtoto sasa anatembea mpaka mwisho wa migomba na kurudi bila kuanguka. Nikiandika, nitaandika mimi mwenyewe, na nitamwambia alete fomu mpya ya kumwandika mtoto, haijajazwa, na kalamu.