Sekunde Moja Kabla ya Lori

Magari yanayoletwa nyumbani kwa Chepkurui, mjini Gilgil, huja yakiwa yamekunjika. Huyanunua kwenye mnada wa magari ya ajali, huyaleta kwa lori hadi nyuma ya nyumba aliyoachiwa na shangazi yake, kisha huyafungua nati baada ya nati kwa mpangilio aliofundishwa katika chuo cha ufundi: kwanza betri, kisha nyaya, mwisho vyuma. Wateja wake ni vijana wa Nakuru na Naivasha wanaopenda magari ya mbio. Hutaka turbo, giaboksi na springi fupi. Zaidi ya vyote hutaka kompyuta ya injini, lile sanduku dogo linaloamua injini inywe mafuta kiasi gani na kwa wakati gani.

Kabla ya kugusa nati ya kwanza, Chepkurui huingia ndani ya gari na kupekua. Kila alichoacha mtu hukitia katika bahasha ya kaki, akaandika juu yake namba ya gari na namba yake ya simu, akaipeleka kwa dalali wa mnada ili iwafikie wenyewe. Amewahi kurudisha miwani, cheti cha ubatizo, na kiatu kimoja cha mtoto. Hayo hakufundishwa chuoni. Alianza tu, kisha akaona hawezi kuacha, kwa maana kitu cha marehemu kikilala gerejini humfanya ageuke kila mara kutazama mlangoni.

Mwezi wa tatu lilikuja Subaru jeupe lililokuwa limegongana na lori upande wa Mbaruk, njia ya Nakuru. Mlango wa abiria haukuwapo. Chini ya kiti alipata bangili ya shanga na patipati moja ya kike. Bahasha iliondoka siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi aliitoa kompyuta, akaiweka mezani, akaiunganisha na laptopu yake. Kila kompyuta iliyotumika huisoma kwanza, ili ajue kama injini iliteswa. Hii ilikuwa ya mashindano, ya aina inayohifadhi dakika za mwisho za safari: mwendo, mizunguko ya injini, kanyagio la mafuta, swichi ya breki.

Aliufuata mstari wa kanyagio kwa kidole. Lilikuwa chini kabisa. Kisha likaachiwa. Kwa sekunde moja na nukta chache, mguu wa mtu ulikuwa hewani. Halafu ukarudi, ukakanyaga mpaka mwisho, na mstari ukakatika. Breki haikuguswa kabisa.

Alikuwa bado anautazama mstari huo aliposikia sauti langoni.

"Sasa, Cheps!"

Alikuwa Jerry, mteja wake wa siku nyingi kutoka Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa.

"Poa. Ingia, lakini usikanyage hizo waya."

"Nimekuja kuchukua ile kompyuta niliagiza. Ziwa limeanza kutupimia tena huko kwetu. Nataka gari ya kutoroka kabla maji haijaingia sebuleni."

"Nunua boti."

"Boti haina turbo, madam." Jerry aliinama mbele ya skrini, tabasamu likampotea. "Na hizi michoro? Ni za mwenyewe?"

"Ni zake."

"Alienda?"

"Alienda."

"Eish! Futa hiyo kitu. Mimi sibebi marehemu kwa dashibodi."

Alifuta. Hata Jerry asingesema, angefuta, kwa kuwa hakuna kompyuta iliyowahi kutoka kwake ikiwa na safari ya mtu mwingine ndani. Hakuweka nakala. Kazi yote ilichukua dakika nne, na Jerry akaondoka nayo akipiga mluzi.

Lakini ile sekunde haikufutika. Akiendesha pikapu yake kwenda Nakuru kutafuta vipuri, aligundua kwamba kila lori lilipotokea mbele, mguu wake uliachia mafuta wenyewe na kubaki hewani, naye akahesabu. Mchana kweupe, barabara ikiwa wazi, alihesabu. Wenye magari ya nyuma walimpigia honi na kumtukana. Hakuweza kuwaeleza kwamba mguu uliokuwa unasubiri pale haukuwa wake.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja alisimama langoni, amenyooka, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, bahasha ya kaki mkononi.

"Chamgei."

"Chamgei mising, Baba."

Alijitambulisha kuwa Kibii, mwanajeshi mstaafu. Baada ya salamu hizo za Kikalenjini akahamia Kiswahili, lugha ya kambini, kana kwamba aliyoyajia hayangesemeka kwa lugha ya nyumbani.

"Ni wewe ulituma hii?"

"Ni mimi, Baba."

"Bangili ni ya kijana yangu, Kipketer. Patipati ni ya Mitchelle, msichana alikuwa amembeba. Walienda wote wawili." Alikataa kiti. "Sasa sikiliza. Kuna watu wanasema Kipketer alikuwa anashindana na gari ingine. Wengine wanasema hapana, ni lori ilihama upande. Jumamosi naenda Nakuru kwa mama ya Mitchelle. Nikiomba msamaha ya kosa hakufanya, nimemtukana mtoto wangu kwa kaburi. Na kama alifanya, halafu nikae hapo nikunywe chai ya huyo mama bila kuomba, mimi ni mtu gani?"

Chepkurui aliweka chini spana aliyokuwa ameishika.

"Fundi mmoja ameniambia hizi gari ziko na kompyuta inakumbuka. Nimekuja niambiwe inakumbuka nini."

"Niliifuta, Baba."

"Ulifuta."

"Ndiyo kazi yetu. Haiuzwi bila kufutwa."

Mzee aliitazama bahasha. "Patipati ulirudisha," alisema polepole. "Safari ukafuta."

Hakusema kwa hasira. Chepkurui angependelea hasira.

"Lakini kabla ya kufuta, uliangalia?"

Hapo ndipo Chepkurui alipofahamu kwamba ushahidi wote uliobaki ulikuwa kichwani mwake, na kwamba akitaka anaweza kuugeuza. *Alishika breki, Baba.* Maneno matatu tu, wala hakukuwa na chombo duniani cha kumsuta. Mzee angerudi nyumbani na mwana asiye na hatia. Aliyaona maneno hayo yakiwa tayari, yamepangwa, na akayaacha yapite.

"Niliangalia," alisema. "Alikuwa amekanyaga mafuta yote. Mwendo ulikuwa mkubwa sana, Baba. Kisha akaachia. Halafu akakanyaga tena hadi mwisho. Breki hakushika."

"Kwa hivyo aliona lori."

"Aliona kitu. Mimi nilichoona ni mguu tu."

"Na akakanyaga tena."

"Pengine alidhani atapita. Pengine..."

"Wacha pengine. Aliachia sekunde ngapi?"

"Moja. Moja na kidogo."

Mzee Kibii aliinua mkono, akatazama saa yake mpaka mshale wa sekunde ukasogea hatua moja. "Basi nitaomba msamaha," alisema. "Na wewe utakuja na mimi. Hiyo sekunde aliachia mafuta, alikuwa anataka kuwa mzuri. Nikisema mwenyewe, wataona ni baba anatetea mtoto wake."

Mama yake Mitchelle aliitwa Akeyo, na aliishi Nakuru katika nyumba za zamani za reli, ambamo babu yake alikuwa ameishi pia. Jumamosi hiyo aliwapokea mlangoni. Mzee Kibii alikataa kuketi. Aliomba msamaha akiwa wima, kwa sentensi fupi, bila neno "lakini" hata mara moja. Kisha akamgeukia Chepkurui, naye akaeleza aliyoyaona kama asomaye ripoti ya ukaguzi, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kuyasema.

Akeyo alisikiliza, patipati ya binti yake, aliyoletewa na mzee, mapajani.

"We msichana. Hiyo mashini inaandika mguu wa dereva?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mtu amekaa kando, inamwandika nini?"

"Haimwandiki, Mama."

"Hata akipiga kelele?"

"Hata akipiga kelele."

Akeyo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesubiri jibu hilo kwa majuma. "Mitchelle hata kwa boda alikuwa anapiga dereva mgongo. Pole pole! Wewe, pole pole! Tulikuwa tunamcheka hapa." Akamwinulia Kibii macho. "Mzee, msamaha yako nimesikia. Lakini hiyo sekunde wachana nayo. Si ya kijana yako. Ni mtoto wangu alimwambia aache, akaacha, halafu akamkataa."

Akamgeukia Chepkurui.

"Si ni hivyo, fundi?"

Chepkurui alikuwa hajawahi kukisia mbele ya mteja. "Sijui, Mama," alisema. "Hakuna mahali iliandikwa."

Mkono wa Mzee Kibii ulitafuta mgongo wa kiti.

"Ni hivyo," alisema, na ndipo akaketi.